Siku moja huru Geneva: uende Chamonix na Annecy, au Glacier 3000 na Montreux?

Kila mwaka ikifika Mei na Juni Geneva inajaa watu wetu. Mei kuna mkutano wa WHO, Shirika la Afya Duniani, Juni ule wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, baraza la haki za binadamu nalo lina vikao vyake, yaani ukisimama pale Place des Nations karibu na kile kiti kikubwa chenye mguu uliovunjika unasikia Kiswahili cha Dodoma, cha Nairobi, cha Bujumbura na cha Goma bila kutafuta. Na swali lao ni moja, mkutano unaisha Ijumaa, ndege ni Jumapili jioni, sasa Jumamosi nifanye nini? Mtu hataki arudi nyumbani na picha ya yale maji yanayorushwa juu ziwani peke yake. Anataka theluji, anataka mlima, na akipata mji mzuri wa ziwani humo humo basi mambo yamekaa sawa.

Tripu za kutwa zenye mwongoza watalii zipo nyingi, ila zenye mlima na mji wa ziwani kwa pamoja zinazouzwa sana kutoka Geneva ni za aina mbili. Ya kwanza inakupeleka Ufaransa, asubuhi Chamonix chini ya Mont Blanc, mchana Annecy, jioni umerudi. Ya pili inabaki Uswisi, inapanda Glacier 3000, eneo la mlimani lenye barafu juu ya kijiji cha Les Diablerets, halafu inashuka Montreux, na baadhi zinapitia ngome ya Chillon. Kwenye matangazo zinafanana kabisa, zote zina picha ya mtu kafungua mikono kwenye theluji. Lakini ni siku mbili tofauti sana na nasema mapema nimeegemea wapi: kwa mlima Chamonix inashinda, kwa mji inategemea wewe ni mtu wa aina gani, na kama utabiri unasema mawingu basi yale yote mazuri nitakayosema kuhusu Chamonix yafute tu.

Visa kwanza, maana wengine ulinganisho wao unaishia hapa

Geneva imekaa pembeni kabisa ya Uswisi, imezungukwa na Ufaransa karibu pande zote, na watu wanaogopa: visa yangu ni ya kuingia mara moja, nikienda Annecy si nitakuwa nimetoka? Hapana. Uswisi imo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, tangu Desemba 2008, Ufaransa imo pia, kwa hiyo kwa hesabu za visa hujatoka popote. Cha kufanya angalia stika yenyewe kwenye pasipoti. Ikiwa inasema ni kwa nchi za Schengen, twende. Ikiwa ni ile inayotaja Uswisi peke yake, usivuke mpaka kabisa, chagua Montreux na wala usijiumize kichwa kusoma ya Chamonix. Na ubebe pasipoti halisi, sio picha kwenye simu, kwa sababu siku nyingi basi linapita mpakani bila hata kupunguza mwendo lakini siku wakiamua kusimamisha wanasimamisha, na mwenye ngozi yetu ndiye anaulizwa wa kwanza, tusidanganyane.

Kingine cha mpakani ambacho kinawauma watu ni simu. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya, kwa hiyo laini ya Uswisi yenye bando la Uswisi tu ikigusa mnara wa Ufaransa inaanza kula salio lako, wakati mwingine hata ukiwa Geneva kwenyewe pembezoni simu inadaka mtandao wa upande wa pili. Zima data ukivuka, au nunua bando linalotaja nchi zote mbili. Hela nayo, Chamonix na Annecy ni yuro, Montreux na Glacier 3000 ni faranga, kadi inapita kote.

Mlima: hapa ndipo tofauti iko kubwa

Chamonix mjini ni mita 1,035 kutoka usawa wa bahari. Kilele unachopelekwa kinaitwa Aiguille du Midi, mita 3,842. Unapanda kwa gari la kebo kwa hatua mbili, unabadilisha kituo cha kati Plan de l'Aiguille kwenye mita 2,317, na safari nzima angani ni dakika kama 20 hivi. Watu wa Moshi watanielewa haraka sana: Horombo kwenye njia ya Marangu ni mita 3,720, na mgeni wa kawaida anaifikia siku ya pili, miguu inawaka. Hapa umepita Horombo ukiwa umevaa raba za mjini na jasho halijakutoka hata tone.

Hatua ya kwanza ni ya kawaida, gari likipita kwenye nguzo linabembea na watu wote mle ndani wanapiga kelele kwa pamoja kisha wanacheka kwa aibu. Hatua ya pili ndiyo yenyewe. Haina nguzo hata moja katikati, kebo imetoka kituo cha kati ikaenda moja kwa moja mpaka juu, na dakika za mwisho gari linapanda karibu wima mbele ya ukuta wa mwamba, unaona mistari ya barafu kwenye nyufa za jiwe kwa karibu kabisa, na mle ndani kelele zinakata zenyewe. Kebo hii ilifunguliwa 1955, na bado mhandisi akiiangalia anatikisa kichwa. Mwaka 2019 kwetu Tanzania ulipozuka ule mjadala wa kuweka gari la kebo Kilimanjaro, wapagazi na waongoza watalii wakapinga kwamba mkate wao utaondoka, watu wengi waliokuwa wanabishana walikuwa hawajawahi kupanda kitu cha namna hii. Ukipanda hii utaelewa pande zote mbili, kwamba ni raha kweli na kwamba mtu anafika juu bila kumhitaji mpagazi wala kulala hata usiku mmoja mlimani.

Juu kuna lifti ndani ya mwamba inakutoa kwenye baraza la mwisho, na Mont Blanc iko hapo mbele yako. Wengi wanaangalia upande usio wenyewe, kwa sababu wanatafuta ncha kali, kumbe Mont Blanc ni ule mgongo mweupe wa mviringo na zile ncha za kutisha ni majirani zake. Kipimo cha 2023 kilitoa mita 4,805.59, namba inabadilika kidogo kila wakipima kwa kuwa juu pale ni barafu na theluji inayohamahama na upepo. Kilimanjaro ni 5,895, kwa hiyo kama kuna Mfaransa anakutambia pale juu unajua cha kumwambia. Kuna pia kile chumba cha kioo kilichofunguliwa Desemba 2013, unavalishwa viatu laini juu ya raba zako, unaingia, chini ya miguu ni hewa tupu zaidi ya mita 1,000. Foleni yake inaweza kuwa ndefu, na mtu mwenye kuogopa urefu asilazimishwe na wenzake ili wapate picha, sio utani mzuri.

Sasa Glacier 3000. Gari la kebo linaanzia Col du Pillon mita 1,546 linakupeleka Scex Rouge mita 2,971, yaani pamoja na jina lake kituo chenyewe hakijafika 3,000. Kutoka hapo kuna daraja la kuning'inia linaloitwa Peak Walk, lilifunguliwa 2014, urefu mita 107, upana sentimita 80 tu, limeunganisha vilele viwili, unatoka kimoja unaingia kingine. Watu wawili wanene wakikutana katikati itabidi wasalimiane vizuri. Siku ikiwa safi unaonyeshwa Mont Blanc kule, Matterhorn kule, Eiger kule, ila neno la muhimu ni "kule". Chamonix uko ndani ya milima mikubwa, hapa unaitazama kwa mbali.

Lakini kuna jambo moja ambalo linawapa Glacier 3000 ushindi na wauzaji wa Chamonix hawakuambii. Aiguille du Midi theluji huikanyagi. Ni mabaraza, ngazi, madirisha na vyuma vya kujishikilia, na ule mlango wa kwenye handaki la barafu unaotoka nje ni wa wapanda milima wenye kamba na viatu vya meno. Theluji unaiona mpaka basi, lakini kuishika mkononi, kurushiana, kulala chali ukapigwa picha, hapana. Glacier 3000 unashuka kwenye barafu ya Tsanfleuron ambayo imelala karibu tambarare, unatembea, watoto wanateleza, kuna njia iliyotengenezwa ya kutembea juu ya theluji. Kwa hiyo kama safari nzima umeifanya kwa ajili ya kugusa theluji mara ya kwanza maishani, au una mtoto, usibishane, nenda huku. Ila ujue hata hiyo barafu inaisha. Septemba 2022 iliyeyuka hadi mwamba wa njia ya kati ya Tsanfleuron na Scex Rouge ukaonekana, mwamba ambao wataalamu walisema ulikuwa umefunikwa kwa takriban miaka 2,000. Mwenye kukumbuka barafu ya Kibo ilivyokuwa kwenye picha za zamani habari hii haimshangazi.

Mwili wako unasemaje

Hii wanaipuuza sana. Kwenye mita 3,842 hewa ya oksijeni unayopata ni kama theluthi mbili ya ile ya Dar au Mombasa, na wewe umepandishwa kwa dakika 20 tu bila kuzoea. Mtu mzima mwenye afya atasikia kichwa chepesi, atahema akipanda ngazi, basi. Tembea taratibu, usikimbie kwenye zile ngazi kwa sababu ya selfi, kunywa maji. Ila mwenye presha isiyotulia, mwenye matatizo ya moyo au mapafu, mjamzito, hao waongee na daktari kabla na sio kumuuliza dereva wa basi. Watoto chini ya miaka 3 hawaruhusiwi kabisa kupanda Aiguille. Wajumbe wetu wengi ni wazee wa miaka hamsini sitini na vidonge vya presha mfukoni, na kwa hao mimi nasema Glacier 3000 iko chini kwa karibu mita 900 na tofauti hiyo mwili unaisikia, au bora zaidi ile treni ya Montreux nitakayoisema mbele.

Nguo ni pande zote mbili. Mjini Julai watu wamevaa kaptula wanakula aiskrimu, juu Aiguille siku hiyo hiyo inaweza kuwa sifuri au chini yake na upepo juu. Koti la kweli, glavu, kofia ya kufunika masikio, miwani ya jua, na losheni ya jua hata sisi weusi, mwanga wa theluji unaunguza mdomo na pua kabla hujajua. Mabegi ya mkutano yale ya bure hayana kazi huku, chukua begi la mgongoni.

Mji wa ziwani: Annecy au Montreux

Annecy ni mzuri kwa namna ambayo hauhitaji kueleza. Mji wa kale una mifereji, maji ni ya kijani ya kioo, katikati ya mfereji wa Thiou kuna Palais de l'Isle, jengo la mawe la tangu karne ya 12 lililochongoka kama pua ya meli, limewahi kuwa gereza na mahakama, na sasa kazi yake kubwa ni kupigwa picha. Ukivuka bustani unafika ziwani na daraja la wapendanao. Ziwa lenyewe ni dogo, kilomita za mraba kama 27, mtu wa Mwanza au Kisumu atauliza hili ndilo ziwa au ni ghuba. Lakini aangalie maji. Miaka ya 1950 ziwa hili lilikuwa linachafuka kwa majitaka ya mji, daktari mmoja anaitwa Paul Servettaz akapiga kelele, mwaka 1957 halmashauri zilizolizunguka zikaungana zikachimba bomba kubwa la kulizunguka ziwa lote ili majitaka yasiingie tena. Leo watu wanaogelea katikati ya mji. Mimi kila nikikaa pale nawaza halmashauri zetu za ziwani, basi naacha.

Soko la mji wa kale ni asubuhi za Jumanne, Ijumaa na Jumapili. Tatizo ni kwamba ukija na tripu ya Chamonix unafika mchana, soko limeshakunjwa, na muda ulionao hauzidi saa mbili kwa kawaida. Saa mbili zinatosha mifereji, picha, aiskrimu na kukaa kidogo ziwani. Hazitoshi kupanda boti, na kuogelea sahau.

Montreux ni kitu kingine. Mji wenyewe kwa majengo sio mzuri kama Annecy, kuna mahoteli makubwa ya zamani na maghorofa ya kisasa yasiyo na adabu katikati yake. Uzuri wake ni ile njia ya kutembea pembeni ya ziwa, maua upande mmoja, maji upande wa pili, na ng'ambo milima ya Ufaransa imesimama. Ziwa Léman ni kilomita za mraba 580, hapo angalau mtu wa Mwanza atanyamaza kidogo. Na pale ufukweni kuna Freddie Mercury wa shaba, ngumi juu, anaangalia ziwa, sanamu ya mwaka 1996. Sasa huyu ni mtoto wa Zanzibar, Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja 5 Septemba 1946, akaja kurekodi Montreux na bendi yake Queen ambao walinunua hadi studio hapo. Utakuta watalii wa dunia nzima wanapanga foleni kupiga naye picha, wanaweka maua, na wengi hawajui Unguja iko wapi. Nimeona mama mmoja wa Kizanzibari anawaelekeza kwa ramani ya simu kabisa, huku Shangani, hapa hapa, na Wajapani wanasikiliza kwa heshima zote. Kwa Mzanzibari mimi nadhani uamuzi umeshafanyika.

Chillon iko mbele kidogo, ni mwendo wa dakika 45 kwa miguu pembeni ya ziwa au basi la mjini. Ni ngome iliyojengwa juu ya jabali lililotoka majini, chini kuna gereza lenye nguzo ambapo François Bonivard alifungwa kwa mnyororo karne ya 16 mpaka watu wa Bern walipoiteka ngome mwaka 1536 wakamtoa. Ukiwa na tripu ambayo "inapita" Chillon uliza vizuri, kwa sababu nyingine zinasimama nje dakika chache za kupiga picha tu, kuingia ndani ni tiketi yako na muda wako.

Chakula, hasa kwa Waislamu

Hili halimo kwenye brosha. Vyakula vya mlimani pande zote mbili ni jibini jibini jibini. Ile fondue, jibini la kuyeyushwa unalochovya mkate, inapikwa na mvinyo mweupe, hiyo ndiyo kawaida yake, na wengine wanaongeza pombe kali. Tartiflette, viazi na jibini la reblochon la huko huko Savoie, upande wa Ufaransa, ina vipande vya nyama ya nguruwe. Mhudumu hatakwambia mpaka uulize. Raclette, jibini la kuyeyusha juu ya viazi, yenyewe haina shida ila inaletwa na sahani ya nyama za kukausha ambazo mara nyingi ni nguruwe, waambie waache. Upande wa Montreux kuna minofu midogo ya samaki wa perch, inakaangwa kwa siagi, inakuja na chipsi na limau, na hii ndiyo ninayowaelekeza watu wote. Bei zake zitakuuma, hiyo ni Uswisi. Chamonix na Annecy unakula kwa nafuu kuliko Montreux, tofauti inaonekana kabisa kwenye risiti. Wenye busara wananunua mkate na matunda supamaketi ya Geneva jioni ya kuamkia safari, maana Jumapili maduka mengi Geneva yamefungwa.

Hela na saa, na huyo mwongoza watalii anafanya nini hasa

Basi la tripu ya Chamonix linatoka stendi ya Place Dorcière karibu na kituo cha treni Cornavin kama saa 2 asubuhi, saa 3 na nusu uko Chamonix. Ukipanda Aiguille na kushuka hiyo ni saa mbili na nusu kwa uchache, Julai na Agosti zaidi. Unakula fasta, kama saa 8 mchana mnaondoka, saa 9 na nusu Annecy, na giza la jioni likiingia uko hotelini umechoka kisawasawa. Ile ya Glacier 3000 na Montreux inaanza muda huo huo lakini barabara ndefu unaimaliza asubuhi, na mchana kuna kupumua zaidi.

Tiketi ya kwenda na kurudi Aiguille peke yake ni zaidi ya yuro 70 kwa mtu mzima. Glacier 3000 inacheza kwenye faranga 80 hivi. Ukijumlisha na basi, tripu yoyote yenye kilele inavuka faranga 150 kirahisi, kwa hiyo soma kwa makini kama bei uliyoiona ina kilele au ni "basi tu", maana hapo ndipo watu wanagombana na kampuni asubuhi saa 2 mbele ya basi.

Halafu tukubaliane kuhusu huyo mwongoza watalii. Anaongea kwenye basi, Kiingereza halafu Kifaransa, anaeleza historia, pale Chamonix atakwambia mji huu ndio uliofanya Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924, na kwamba Jacques Balmat na Michel-Gabriel Paccard walifika kilele cha Mont Blanc 8 Agosti 1786. Anakugawia tiketi, anakwambia saa ya kurudi, kwaheri. Mlimani uko peke yako. Unachonunua kwake kweli ni usafiri usio na mawazo na tiketi yenye saa ya kupanda.

Ndio maana kwangu hesabu iko hivi. Kwenda Annecy peke yake huhitaji tripu, treni ya Léman Express inatoka Cornavin moja kwa moja, saa moja na nusu umefika, na ukienda Jumapili asubuhi unalikuta soko. Kwenda Montreux peke yake pia huhitaji, treni ni saa moja pembeni ya ziwa na kukaa dirisha la kulia unaona mashamba ya zabibu ya Lavaux upande mwingine ukigeuka, na maji upande wako. Chamonix peke yake kuna mabasi ya kawaida kutoka stendi ile ile. Ila ukitaka Chamonix na Annecy siku moja, au Glacier 3000 na Montreux siku moja, hapo lipa tripu, kwa sababu kuunga mwenyewe Glacier 3000 ni treni mpaka Aigle, treni ndogo mpaka Les Diablerets, basi mpaka Col du Pillon, kisha kebo, na kurudi hivyo hivyo. Ile kadi ya usafiri ya bure ambayo hoteli ya Geneva inakupa inaishia Geneva, usije ukampa mkaguzi wa treni ya Montreux ukidhani una tiketi. Wakongo na Warundi mnaoongea Kifaransa, nyie mnaweza kujipangia lolote bila mwongozaji na kuokoa hela, hapa mnatuacha mbali.

Mawingu

Hili ndilo linaloamua kuliko yote. Aiguille du Midi kwenye wingu ni yuro sabini na kitu za kuangalia ukuta mweupe, na upepo ukizidi wanafunga kebo kabisa. Kila Novemba inafungwa pia kwa matengenezo, wiki kadhaa. Kamera za moja kwa moja za vilele vyote viwili ziko kwenye tovuti zao, angalia usiku, angalia tena asubuhi kabla ya kutoka hotelini. Milimani majira ya joto asubuhi huwa safi na mawingu yanapanda kuelekea mchana, ndio maana tripu zenye akili zinaanza na mlima, ukiona ratiba inaanza na Annecy kisha Chamonix mchana ipite. Ugumu ni kwamba Julai na Agosti nafasi za kupanda zinaisha, ukisubiri kuona anga unaweza kukosa. Ninachowaambia watu: nje ya miezi hiyo nunua basi tu na ununue kilele pale pale. Ndani ya miezi hiyo nunua vyote lakini kwa kampuni inayoandika wazi kwamba kebo ikifungwa inakurudishia hela ya kilele. Wengine wanasema "tutakupatia mbadala", na mbadala wenyewe ni kutembea Chamonix.

Mbadala wa kweli Chamonix ikiwa juu kuna wingu ni treni nyekundu ya Montenvers, iko tangu 1909, inapanda mpaka mita 1,913 kwenye ukingo wa Mer de Glace, mto mkubwa wa barafu, na bei iko kama nusu ya Aiguille. Pale unaona jinsi barafu ilivyopungua mwaka hadi mwaka, yenyewe sasa iko chini huko imefunikwa vumbi la mawe. Sio kitu cha kufurahisha ila ni kitu cha kuona.

Upande wa Montreux mbadala wa mwenye presha, mwenye watoto na mwenye hela kidogo ni treni ya meno ya Rochers-de-Naye, imeanza 1892, inatoka stesheni ya Montreux yenyewe na kwa chini kidogo ya saa moja iko karibu mita 2,000. Unakaa kwenye kiti, hakuna kubembea, na ziwa lote unaliona chini yako. Wakati wa baridi uliza kwanza inafika wapi, haifiki juu siku zote.

Na kama una nusu siku tu, kikao kimeisha mchana na jua bado lipo, achana na yote haya. Panda basi la mjini mpaka mpakani Veyrier, vuka kwa miguu, kuna gari la kebo la Salève, ule mlima mrefu unaouona kila siku ukitoka hotelini. Iko Ufaransa kwa hiyo pasipoti na yale ya visa ni yale yale. Juu ni mita 1,100 hivi, bei ni ndogo mno ukilinganisha, Geneva yote na ziwa viko chini yako na siku safi Mont Blanc iko nyuma yako. Uliza gari la mwisho la kushuka ni saa ngapi kabla ya kutafuta pa kukaa.